Hodi Katika Waya wa Jibu

Meneja alinisogelea sikioni akasema, "Sema karibu, tumalize." Nikasema karibu.

Ningeweza kukataa. Hakunishika koo wala hakunitishia. Alinong'ona tu, na mkononi mwangu nilikuwa na mita ambayo mshale wake ulikuwa ukiniambia neno jingine. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, nimesoma mpaka kidato cha nne, najua kulia na kushoto. Nilisema karibu kwa sauti kubwa, na upande wa pili wa jengo mtu aliyeniamini akaachia gurudumu alilokuwa amelishika, akasimama, akajipangusa mikono.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Nitamwita fundi wa umeme, au fundi tu, maana ndivyo tulivyomwita sote. Jina lake analo, na wanawe wanalo. Mimi sijioni kuwa na haki ya kulitaja.

Karakana yetu ilikuwa ng'ambo ya reli, mjini Dodoma, mali ya shirika la umma. Tulichonga gia za pampu za visima, za mashine za kusaga, na wakati mwingine za matrekta ambayo hata walioyatengeneza walikwisha kuyasahau. Mashine iliyotulisha ilikuwa moja, ile ya kuchonga gia. Ilikuwa na meza ya chuma ya duara iliyozunguka kwa mota yake yenyewe, jino baada ya jino, ikisimama pale ilipoamriwa bila kupitiliza hata unywele. Ilikuja kama msaada kutoka ng'ambo, tayari ikiwa kuukuu, na kitabu chake kiliandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeisoma. Fundi alikifunga kwenye mfuko wa nailoni akakiweka juu ya kabati la umeme.

"Siku akija mwenyewe atatusomea," alisema.

Mpaka mwenyewe aje, fundi alikuwa na daftari lake. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu. Kila waya wa mashine ile ulikuwa humo. Hakuna mwingine aliyeweza kulisoma, si mimi na kidato changu cha nne, si Meneja na shahada yake. Nilimwambia mara nyingi, "Fundi, andika kwa herufi za kawaida, ukiumwa tutafanyaje?" Akanijibu, "Mtaniombea nipone."

Alikuwa mfupi, mkavu, na kofia ya mkono aliyoshonewa na mkewe. Mfuko wa shati lake ulijaa nyuzi, masalio ya kofia hizo: nyekundu, nyeupe, kijani. Wakati wenzake wakifunga alama za nyaya kwa gundi ya plastiki, yeye alifunga uzi. Alisema gundi inasahau. Joto la Dodoma likiiyeyusha inateleza, inahama, unakuta alama ya waya huu imekwenda kwa jirani. "Fundo halihami nyumba," alisema.

Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu. Kwa karatasi nilikuwa mkubwa wake. Kwa miaka kumi na tisa nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi aliitikia marahaba akiwa anaitazama mikono yangu, kama nimenawa.

Sasa nieleze ile hodi, maana bila hiyo mtu hatanielewa.

Kabati la umeme la mashine ile lilikuwa nyuma ya nguzo nene ya zege, na mota ilikuwa chini ya meza, hatua kama ishirini. Aliyekuwa kwenye mota hakumwona aliyekuwa kwenye kabati. Kila alipotaka kujua waya upi ni upi, fundi alikaa kwenye mota akimweka mwenzake kwenye kabati na mita. Alizungusha gurudumu la mkono kuelekea kulia, akapaza sauti, "Hodi!" Wa kwenye kabati alitazama mshale. Ukienda kulia alijibu, "Karibu." Ukienda kushoto alijibu, "Nani?" Usipotikisika alinyamaza, na kimya maana yake waya umekatika, au sio wenyewe. Fundi alibisha mara tatu kwa kila jozi ya nyaya, kama desturi ya mlangoni. Hodi ya tatu isipojibiwa, aliondoka kwenye jozi ile.

Nilipokuwa mgeni nilimwuliza, "Kwa nini tusiseme tu kulia na kushoto?"

"Wewe umenitazama na mimi nimekutazama. Kulia kwako ni wapi, na kulia kwangu ni wapi? Lakini hodi ni hodi."

Ndahani alikuwa akisikiliza. Huyu ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine, Mgogo wa Buigiri, hodari wa kazi na wa mdomo. Akasema, "Ila hodi, fundi, mtu huijibu bila kufikiri. Hata ukibisha chooni utaambiwa karibu."

"Ndiyo maana wewe sikuweki kwenye mita."

"Unamweka msimamizi kwa sababu gani? Kwa sababu amesoma?"

"Kwa sababu yeye ana haya."

Utani wao haukuisha. Ndahani akiingia asubuhi angeuliza, "Fundi, leo nyaya zako zimeitika, au zimekwenda kuchota maji?" Na fundi angejibu bila kuinua kichwa, "Wewe usiziguse. Vidole vyako vimejaa mlenda, zitakuteleza." Ndahani angecheka mpaka ashike meza. "Mlenda huohuo ndio anaokupikia mkeo, shemeji, na unaramba sahani!" Na kweli, mke wa fundi alikuwa dada wa ukoo wao, na mlenda aliupenda.

Kuhusu nyaya alikuwa na mafundisho yake, na aliyarudia kama mtu anayesoma nyiradi. Nyaya nene nne, alisema, zinapeleka amri kwa mota. Nyaya nyembamba zinaleta jibu. Mkiani mwa mota kulikuwa na jenereta ndogo, kubwa kama kikombe cha kahawa. Mota ikizunguka, nayo ilizunguka, ikatoa umeme mdogo sana, umeme wa kusema tu: nimefika kasi hii. Kabati lilisikia jibu hilo, likapunguza amri au likaongeza.

"Watu wanaogopa nyaya nene kwa sababu zinaua," alisema. "Mimi naogopa nyembamba kwa sababu zinasema."

"Waya wa jibu ukigeuzwa je?" niliwahi kumwuliza. "Huu ukikaa pahala pa ule?"

"Hapo ni balaa. Mota inakwenda mbele, jibu linafika linasema inarudi nyuma. Kabati linaongeza amri. Mota inakimbia zaidi, jibu linasema inarudi nyuma zaidi. Kama sultani anayedanganywa na waziri. Kadiri nchi inavyoungua ndivyo anavyoambiwa ni baridi, naye anaongeza kuni."

Nilicheka. Niliona mifano yake ni mikubwa kuliko waya. Kichwani mwangu nilibaki na wazo langu mwenyewe, la mtu aliyesoma fizikia kidogo: kwamba waya ukigeuzwa meza itazunguka upande wa pili, basi. Sikumwuliza tena. Kosa hilo pia ni langu, nalo ni la zamani kuliko lile jingine.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Nyumbani kwake taa ya sebuleni haikuwaka kwa miaka miwili. Mkewe aliniambia mbele yake, "Wewe msimamizi wake, mwambie nimlipie nauli aje kunitengenezea." Yeye akakodoa macho kwenye kibatari kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Alichukia uongo hata wa mzaha, lakini sigara alimficha mkewe mpaka kufa. Alizivuta nyuma ya karakana na kutafuna karafuu kabla ya kurudi nyumbani, na mkewe alijua, na yeye alijua kwamba mkewe anajua. Aliswali kwa wakati. Hata hivyo, mtu akisema mbele ya kabati lililo wazi, "Inshallah umeme umezimwa," alimfokea. "Inshallah ni ya kesho! Ya sasa hivi pima!"

Alikuwa mgumu kusamehe. Hilo nililijua. Palikuwa na seremala mmoja pale karakana aliyewahi kumwambia kwamba ngazi ni nzima, nayo ilikuwa na kipago kilichooza. Fundi alianguka kimo cha mlango. Hakumgombeza. Ila toka siku hiyo, seremala akimsalimu, fundi alipita kama anayepita nguzo. Miaka sita. Nilijaribu kuwapatanisha siku ya Idi, akaniambia, "Mimi sina ugomvi naye. Waya umekatika tu."

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Madukani vikajaa vitu vya nje, redio za bei ya kuku zilizofungwa kwa gundi zisifunguke. Watu walimletea fundi, naye alizigeuza huku na huku akazirudisha. "Kitu kisichofunguka si chako," alisema, "umekodishwa." Gia za plastiki zikaingia, na pampu nzima nzima zilizokuwa rahisi kuliko gia yetu moja. Wateja wakapungua. Halafu tukaambiwa shirika litauzwa. Likaja neno refu, ubinafsishaji, ambalo Ndahani hakuwahi kulimaliza bila kupumzika katikati.

Meneja alituita uani. Alisema wanunuzi wanakuja kutazama. Wakiona karakana ni hai, watainunua na watu wake. Wakiona ni maiti, watanunua kiwanja na vyuma. Tulikuwa watu thelathini na wanne. Nakumbuka upepo ulikuwa ukivuma na vumbi jekundu likitujaa machoni, na watu walipopangusa macho hukuweza kujua nani anapangusa nini.

Baadaye aliniita ofisini peke yangu. Alisema anaandika orodha ya watakaopendekezwa kubaki na wenye mali wapya. Akanionyesha. Jina langu lilikuwa la kwanza.

Na hapo hofu ikatufanya wajinga. Siku tatu kabla ya wageni, Meneja aliamua mashine ya gia isogezwe karibu na mlango mkuu, kabati libaki palepale nyuma ya nguzo, ili iwe kitu cha kwanza kuonekana. Fundi alikuwa amekwenda Busi kuzika. Vibarua walioletwa hawakufungua nyaya. Walizikata kwa msumeno wa chuma, zote kwa pamoja, kama mtu anayekata mkungu wa ndizi. Mafundo ya nyuzi yakafagiliwa na uchafu. Nilikuwapo. Nilisema, "Tumsubiri fundi," nikasema kwa sauti ndogo, na msumeno ulikuwa na sauti kubwa.

Fundi aliporudi alisimama mbele ya ule mkia wa nyaya muda mrefu. Nyaya kumi na sita, zote za kijivu kwa mafuta na uzee, namba zake zimefutika.

"Nani amefanya hivi?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi zimefanya zenyewe," akasema, akavua koti.

Alifanya kazi siku mbili. Wengine tulimwona kama tunavyomwona mganga kwenye kitanda cha mgonjwa wetu. Kila mtu akipita alipunguza mwendo. Nyaya nene nne zilikuwa rahisi, zilijulikana kwa unene. Nyembamba kumi na mbili ndizo zilikuwa kazi. Alizipima mbili mbili, akaandika kwenye daftari ugumu wa kila jozi kupitisha umeme. Jozi hii ni ya swichi za mwisho, za kuizuia meza isipite mpaka wake, inafunga na kufungua. Jozi hii ni ya joto la mota. Nyaya hizi sita ni za jicho la pembe, linaloliambia kabati meza imefika wapi. Alifunga uzi, akanituma kwenye kabati, akabisha hodi. Nilimjibu kwa haki kila mara. Karibu. Karibu. Nani? Kimya. Alipoambiwa "Nani?" aligeuza, akarudia kazi yote ya jozi ile tangu mwanzo, hodi tatu, na baada yake akazijaribu tena zile zilizopita, kwa sababu alisema waya mmoja ukiongopa usiwaamini jirani zake.

Asubuhi ya wageni ilibaki jozi moja tu, ya jenereta ndogo mkiani mwa mota. Ilikwisha kujulikana. Kilichobaki ni kujua upande: upi juu, upi chini. Fundi aliinama kwenye mota. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na mita, nyaya mbili zimeshikwa kwa klipu. Ndahani alikwisha kufunga kipande cha chuma juu ya meza, tayari kwa kuchonga gia ya maonyesho.

"Hodi!"

Mshale ulikwenda kushoto. Niliuona. Haukutetemeka, haukusitasita. Ulikwenda kushoto.

Nilifungua mdomo niseme "Nani?" Meneja alikuwa begani kwangu. Nje niliusikia mlango wa gari ukifungwa, na sauti za watu wakicheka kwa adabu.

"Bado nini?" akanong'ona.

"Imegeuka. Itabidi abadilishe, arudie."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Akijaribu na nyingine, saa nzima."

"Waya mbili? Si atageuza kesho? Wapo mlangoni, bwana! Sema karibu, tumalize."

Nikaona orodha. Nikaona jina langu lilipokaa. Nikakumbuka wazo langu la kidato cha nne, kwamba meza itazunguka upande wa pili tu, na nani kati ya wageni angejua?

"Karibu!" nikasema.

Sauti ya fundi ikaja kutoka upande wa pili wa nguzo, polepole.

"Daftari langu linasema jibu lingekuwa 'Nani?' Tazama tena. Hodi!"

Gurudumu likazunguka. Mshale ukaenda kushoto.

"Karibu, fundi."

"Hodi!"

Kushoto.

"Karibu."

Mara tatu. Alinipa nafasi tatu, kama desturi. Na mara ya tatu akasema, "Haya. Kama wewe umeona, basi karibu."

Wageni walikuwa watatu. Walisimama nusu duara. Fundi hakukubali kuharakishwa kwenye kuwasha. Aliwasogeza nyuma kwa mkono, akaweka kiwiko karibu na swichi nyekundu ya kuzimia kama alivyozoea, akasema bismillahi, akawasha. Ndahani akabonyeza kitufe cha kuzungusha jino moja.

Meza haikuzunguka jino moja. Ilipiga yowe. Sijasikia sauti ile tena maishani na sitaki. Ilikimbia kama kitu kilichochomwa, kipande cha chuma kikachomoka kikaruka juu ya vichwa vyetu, kikatoboa bati la mlango. Fundi aligonga swichi nyekundu. Ilikuwa labda pumzi mbili tu. Ndani ya pumzi hizo meno ya gia kubwa ya shaba chini ya meza yalinyofoka, tukayasikia yakidondoka moja moja ndani ya mafuta. Gia ile haikuwa na ya akiba, na mashine pekee ya kuichonga ilikuwa hiyohiyo.

Hakuna aliyeumia. Mgeni mmoja alijipangusa vumbi begani. Akamwuliza Meneja, kwa upole kabisa, kiwanja kina ukubwa gani.

Walipoondoka fundi alikuja nyuma ya nguzo. Meneja alikuwapo bado. Fundi hakumtazama Meneja. Alinitazama mimi, na hakuitazama mikono yangu, alinitazama usoni.

"Ulisema karibu."

"Nilisema."

"Mshale ulikuwa wapi?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Hata baada ya yote yale mlango ulikuwa wazi. Ningesema kushoto, angenitukana, angeniacha, lakini angejua.

"Kulia," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Alinyoosha mikono yake miwili mbele yake akaitazama, huu na huu.

"Basi ni mimi," akasema. "Nilizungusha kushoto nikidhani ni kulia. Mkono wangu haujui tena kulia."

Ndahani akasema, "Haiwezekani, fundi. Wewe?"

"Mshale hausemi uongo. Na huyu hasemi uongo. Aliyebaki ni nani?"

Aliandika kwa hiari yake karatasi ya kukiri kosa, kwa herufi za kawaida, akimwomba Ndahani amsahihishe tahajia. Meneja aliipokea. Daftari lake fundi akalitia mwenyewe kwenye pipa la moto pale uani tulipochomea matambara ya mafuta. Nilimwona akilitia. Nilikuwa karibu kiasi cha kulitoa.

Karakana iliuzwa kiwanja na vyuma. Leo ni ghala la magodoro. Orodha ya watakaobaki haikuwa na kazi tena, maana hapakuwa na pa kubaki. Ndahani alirudi kulima. Baada ya miaka miwili nilisikia amekwenda migodini, na baada ya hapo sikusikia. Mimi nilifungua duka la vipuri vya baiskeli, nikapata riziki. Nilisikia kwamba fundi hagusi umeme. Majirani walimpelekea pasi na redio, akawaambia amesahau. Watu walidhani ana maringo.

Ilipita miaka kumi na moja. Siwezi kusema ni kitu gani hasa kilinipeleka. Nilikuwa nimezeeka, mke wangu amefariki, na nilianza kuisikia ile hodi nikiwa dukani mchana, mteja akisimama mlangoni. Mteja alisema hodi na mimi nilishindwa kumjibu.

Alikuwa akikaa Makutupora, kwa binti yake, akifanya kibarua kwenye shamba la zabibu. Nilipanda gari la barabara ya Kondoa, nikashuka, nikaulizia mzee mwenye kofia. Nilimkuta kati ya mistari ya mizabibu, akiyafunga matawi kwenye waya kwa vipande vya uzi. Nilisimama mbali kidogo nikamtazama. Vidole vilikuwa vilevile. Fundo lilikuwa lilelile.

"Hodi," nikasema.

"Karibu!" Alijibu kabla hajageuka. Aliponiona alifurahi, akafurahi kweli, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Msimamizi! Umekuwa mzee, bwana!"

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, marahaba. Fundi yuko wapi hapa? Mimi nafunga zabibu."

Ndipo nilipouona uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, umekwisha kuwa mweusi kwa jasho, umekazwa mpaka ngozi imefanya mfereji.

"Hii ni dawa?" nikamwuliza.

Akacheka kwa aibu. "Hapana. Unanionyesha kulia. Toka siku ile siwezi kujiamini. Nikila natazama uzi. Nikiingia msikitini natazama uzi, nitangulize mguu upi. Binti yangu ananicheka. Nimwambie nini? Kichwa kilikufa mapema, mwili umebaki."

Nilimwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, jua la saa saba kichwani, bila kumtaja Meneja kwanza, kwa sababu njiani nilikuwa nimejiapiza kwamba Meneja nisimfanye mwavuli. Nilisema, "Fundi, ulizungusha kulia. Mara zote tatu ulizungusha kulia."

Hakuelewa mara moja. Kisha akauliza, polepole kama siku ile.

"Mshale ulikuwa wapi?"

"Kushoto."

Alikaa chini kwenye udongo. Alianza kuufungua uzi kwa mkono wa kushoto. Fundo la miaka kumi na moja lilikuwa gumu kama jiwe, na kucha zake zilikuwa laini za kizee. Niliinama nimsaidie. Aliuondoa mkono wake, hakuuvuta kwa nguvu, aliuondoa tu, kama unavyouondoa kwenye kitu cha moto. Akaendelea kuhangaika na fundo peke yake. Mimi nimesimama.

"Gari la kurudi mjini linapita saa tisa," akasema mwishowe. "Lisikuache."

Nilirudi baada ya mwezi. Nilikuwa nimemletea kilo ya sukari na sigara, za kuficha. Mlango wa nyumba ya binti yake ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo katikati kwa ajili ya joto, na chini ya pazia niliiona miguu yake, amekaa mkekani. Redio ilikuwa wazi nyuma, matumbo nje, na bisibisi juu yake. Moyo wangu ulipiga kwa furaha.

"Hodi!" nikasema.

Bisibisi ilisimama.

"Hodi, fundi!"

Hakusogea. Nilijua anahesabu, na alijua najua. Nilisubiri muda mrefu kabla ya ya tatu, kwa sababu baada ya ya tatu desturi ni kuondoka.

"Hodi."

Kimya. Halafu bisibisi ikaendelea na kazi yake.

Niliweka sukari na sigara kizingitini nikaenda kusubiri gari.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mavuno. Nilipata habari baada ya wiki tatu, kwa mteja aliyekuja kununua mnyororo, aliyetaja msiba ule akidhani nilikuwapo. Walikuwapo watu wengi, alisema, hata yule seremala wa zamani aliitwa, akabeba jeneza. Mimi nilikuwa mwendo wa saa moja, na duka langu lilijulikana. Hakuna aliyetumwa kwangu. Kwa kusema "Karibu" pale mshale uliponiambia "Nani?", nilimpoteza fundi kabla hajafa, na alipokufa sikumzika.